Jiko la Mkaa Libaki Uani

Mbau, mwezi wa Mei

Mjukuu wangu mpendwa,

Habari kwamba mkeo amekaribia zimetufurahisha sote. Mungu amjalie ajifungue salama. Umeniuliza hicho chumba mlichopanga huko Mueda, kinachoenea kitanda na sanduku tu, mtakipashaje moto mtoto akizaliwa Juni au Julai. Umefanya vyema kuuliza mapema.

Sisi huku chini kusi ikivuma tunajifunika kapulana ya pili, tunalala. Mueda iko juu, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake naijua tangu tulipokimbilia huko mwaka 2020 kwa ajili ya vita. Kwa hiyo sikulidharau swali lako. Kichanga huzaliwa ameloa, na joto humtoka upesi kuliko mwili wake unavyoweza kulirudisha.

Hata hivyo, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Watu hulipenda kwa kuwa halina moshi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuni zikikosa hewa hukuwasha macho mpaka utoke nje. Makaa mekundu hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu, akalala asiamke. Mimba na kichanga huathirika zaidi. Chumba kidogo hujaa joto haraka, na sumu nayo hukijaza haraka vilevile. Wala msidanganyike kwamba makaa yakishaiva hayana neno. Hutoa gesi hiyo mpaka yazimike.

Pasheni miili moto, chumba kiacheni. Nyufa za ukuta zizibe kwa udongo sasa, kabla baridi haijakolea, ila uwazi wa juu chini ya paa uuache. Kitanda kisigusane na ukuta, na chini ya godoro tandika mkeka na magunia. Chemsheni maji uani, muyatie kwenye chupa inayofunga vizuri, muizungushie kitambaa, mpashe matandiko. Mtoto akilazwa, chupa itolewe, isije ikamuunguza.

Mtoto akizaliwa akaushwe mara moja, avalishwe kofia, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kungoje saa 24. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao kwa sababu mashine za kuwatunzia hazikutosha, na leo hospitali duniani kote hufanya hivyo. Kifua cha baba nacho kinafaa, usione haya. Mkeo akichoka, vua shati umpokee.

Mguse mara kwa mara. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kupata baridi: mrudishe kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi, au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali usiku huohuo, akiwa bado kifuani.

Najua mama mkwe wako atakuja kumlea mzazi, na atataka makaa chini ya kitanda mpaka arobaini itimie. Usibishane naye. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto, uji wa moto, kumfunga tumbo, hayo yote mwachie, na maji ayachemshie uani. Akishikilia la jiko, mwambie bibi wa Mbau, aliyekuwa mkunga kabla yeye hajaolewa, ndiye aliyekataza. Akikasirika, anikasirikie mimi. Nikija kumwona kitukuu wangu nitamwomba radhi mwenyewe.

Nisalimie mkeo sana.

Bibi yako