Fremu ya Zamani, Vifaa vya Leo

Ufundi wangu umekuwa wa baiskeli za mbio za zamani, hasa fremu za Kiingereza za bomba la chuma la Reynolds 531, na umenipa msimamo mmoja: badilisha chochote kinachoweza kurudishwa kilivyokuwa, ila fremu yenyewe usiitoboe. Anza na magurudumu. Baiskeli nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa na rimu za inchi 27, ambazo pale tairi linapokaa zina kipenyo cha milimita 630. Rimu za 700C za leo zina 622. Kwa hiyo raba za breki zinashuka milimita 4 tu, na mara nyingi mkono wa breki una nafasi hiyo: legeza nati, shusha raba, kaza. Rimu za chuma zenye kromu hazishikiki vizuri kwenye mvua hata zikiwa mpya. Za alumini zinashikika. Hapo sina subira na wanaoniambia uzee uheshimiwe.

Gia zina ugumu zaidi. Nyuma ya fremu ya spidi 6 mara nyingi pana nafasi ya milimita 126, na habu ya kisasa ya breki za rimu inadai 130. Chuma huvumilia kupanuliwa milimita 2 kila upande, mradi fundi avute uzi kutoka nyuma hadi shingo ya fremu na kuurudisha, apime kama pande zote zimekaa sawa. Alumini siipanui kamwe. Pa kuogopa zaidi ni ekseli ya pedeli: hesi za Kiitaliano hukazwa kuelekea kulia pande zote mbili, lakini za Kiingereza upande wa mnyororo hukazwa kinyume. Anayelazimisha anaiua fremu.

Wakusanyaji hudai kwamba tunapunguza thamani. Kwa baiskeli iliyobaki na vifaa vyake vyote vya asili, nakubali, isiguswe. Lakini nyingi hufika zimeshachanganywa, na cha zamani kikihifadhiwa hurudi siku mwenyewe akitaka kwenda L'Eroica, ziara ya baiskeli za zamani kule Italia, wanakotaka baiskeli za kabla ya 1987. Wengine husema mpya ni nafuu. Mara nyingi ni kweli, na mwenye kutafuta unafuu anunue mpya. Asiyetaka kuiacha ya zamani abadilishe rimu na breki, gia zingoje: wenzo wa kale wa kubadilishia gia, usio na vituo, haubagui sana idadi ya gia.