Mita 30 Kutoka Katikati ya Lami

Siku yangu ya kwanza kazini huku Lancaster, Pennsylvania, nilishuka kwenye gari nikakuta barabara imechorwa kama kanga. Mistari ya bluu, ya njano, ya chungwa, mishale, herufi nisizozielewa, na kwenye nyasi za pembeni vibendera vidogo vya rangi hizohizo vimechomekwa. Nikashtuka. Mtu aliyekulia Bariadi, kwetu Tanzania, akiona rangi kando ya barabara kuu anajua jambo moja tu: kuna nyumba inakwenda chini. Nikawa natazama kuta za jirani, nitafute X ya kubomolewa imempata nani.

X haikuwepo. Msimamizi wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe asiyependa maneno mengi, aliniona ninavyoshangaa akanieleza huku anakunywa kahawa. Bluu ni bomba la maji ya kunywa. Njano ni gesi. Chungwa ni nyaya za simu na intaneti, nyekundu ni umeme, kijani ni majitaka. Nyeupe ni sisi wenyewe, ndipo tutakapochimba. Anayetaka kuchimba katika jimbo hili, awe kampuni kubwa au bibi anayepanda mti uani kwake, anatoa taarifa kwa namba 811, siku za kazi zisizopungua tatu kabla na zisizozidi kumi. Wenye mabomba na nyaya zao wanakuja kuchora, kila mmoja kwa rangi yake, na bibi wa mti halipi hata senti. Jimboni humu utaratibu huo upo tangu 1972. Namba ya 811 ilikuja kuwa ya nchi nzima mwaka 2007.

Kazi yangu ilikuwa ya mshika bendera, ila huku hawashiki bendera, wanashika kibao cha pembe nane: upande mmoja simama, upande wa pili polepole. Mama nilipomtumia picha alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Ng'wanone, nimeuza ng'ombe usome, kumbe ukasimamishe magari?" Sikuwa na jibu. Lakini kazi ya kusimama ina faida moja, inakupa muda wa kutazama, na mimi nilianza kusoma kibali. Kibali lazima kiwepo pale kazi inapofanyika, na chetu kilikaa kwenye bahasha ya plastiki ndani ya gari la msimamizi. Wakati wa chakula nilikuwa nakitoa nakisoma kama watu wanavyosoma gazeti la jana.

Kinaitwa kibali cha kutumia barabara ya jimbo, na anayekitoa ni PennDOT, idara ya uchukuzi ya jimbo. Kilisema tutapita upande gani, tutafunga njia saa ngapi hadi saa ngapi, koni zipangwe vipi, mtaro ujazwe kwa nini na ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Kukata lami kuvuka barabara ndilo jambo la mwisho kuruhusiwa. Kwanza unatakiwa kutoboa chini yake kwa mashine, lami ibaki kama ilivyo. Na sharti lililonifanya nirudie kusoma mara mbili: barabara ikititia pale tulipochimba ndani ya miaka miwili baada ya kazi kukubaliwa kuwa imekwisha, ni mzigo wetu. Kwa hiyo msimamizi anaposimama juu ya mtaro akimfokea kijana wa mashine ya kushindilia, hamwogopi mkaguzi wa leo. Anaiogopa barafu ya mwaka kesho.

Jambo jingine liko kwenye sheria yenyewe ya barabara za jimbo, ambayo asili yake ni ya mwaka 1945. Anayetaka kuunganisha njia ya nyumba yake au duka lake na barabara ya jimbo lazima aombe kibali. Sawa, hata sisi tunayo hiyo. Lakini ombi likishapokelewa, saa inageukia upande wa ofisi: ndani ya siku 60 inatakiwa ikubali, ikatae, ilirudishe likiwa na maelezo ya kinachopungua, au iseme hapa hakihitajiki kibali. Zikipita siku 60 ofisi imekaa kimya, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Nimekaa katika jimbo ambalo ukimya wa ofisi una maana ya ndiyo. Ndugu msomaji wa Bariadi, rudia sentensi hiyo taratibu.

Msinielewe vibaya, huku si peponi. Ada ya kibali cha njia ya kuingilia nyumba ya kawaida ni ndogo, lakini mradi ukiwa mkubwa kidogo utahitaji michoro ya mhandisi, pengine na upimaji wa magari yanayopita, na hapo fedha inatoka kwelikweli. Mwenye mtaji anapenya, mnyonge anaghairi. Na barabara zenyewe ni za upweke. Huwezi kuweka meza ya nyanya popote pale ukajisemea Mungu ndiye mgawa riziki. Kitu pekee kinachonikumbusha nyumbani ni Waamish wa hapa Lancaster, wakulima wasioendesha magari, wanaopita pembeni na vigari vya farasi, nyuma wamebandika pembetatu ya chungwa inayong'aa. Kila nikiwaona nawaza mikokoteni ya ng'ombe inayotoka shamba saa moja usiku kwetu, haina hata kipande cha bati kinachomulika.

Halafu nikapata jambo lililonichanganya kabisa. Barabara nyingi za zamani za Pennsylvania zina upana wa kisheria wa futi 33 tu, kama mita 10, lami na pembeni kwa pamoja. Kwetu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 60: mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 45, yaani 22.5 kila upande. Kwa hiyo Mtanzania ameitengea barabara yake ardhi mara sita ya ile ya barabara hizo za Mmarekani. Sheria tunayo, tena ya ukarimu. Tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha mpaka kabla hatujamwaga msingi.

Neno lenyewe hifadhi kwetu Simiyu lina kishindo chake. Upande mmoja tuna Serengeti, upande mwingine Pori la Akiba la Maswa, na ng'ombe wako akivuka mpaka huko unajua kilichobaki ni kulia. Hifadhi ya wanyama tunaiogopa kwa sababu ina askari. Hifadhi ya barabara haina askari, ina nyasi tu, na nyasi hazimkatazi mtu kujenga.

Na tusisahau tulifikaje hapo kando ya barabara. Mwaka 1974, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Operesheni Vijiji iliwatoa wazee wetu kwenye miji yao iliyotawanyika ikawapanga pamoja, na vijiji vingi viliwekwa kufuata barabara ili shule, zahanati na lori la pamba vifike. Babu yangu hakuchagua kukaa kando ya barabara, alipelekwa. Miaka 33 baadaye sheria ikaja kuipanua barabara hadi mlangoni kwake. Ndipo zikazaliwa zile rangi mbili tunazozijua: X nyekundu kwa aliye ndani ya mita 22.5, huyo anabomoa na halipwi. X ya kijani kwa aliyekuwa tayari kati ya 22.5 na 30 sheria ilipokuja, huyo atalipwa fidia siku eneo lake litakapohitajika, na kabla ya siku hiyo anakaa akiitazama X yake kila asubuhi. Magufuli alipokuwa Waziri wa Ujenzi alijijengea jina kwa rangi hizo, na mwaka 2017 akiwa Rais watu wa Kimara, kwenye barabara ya Morogoro, walivunjiwa kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande.

Hapo ndipo tofauti ninayotaka kuisema ilipo. Lancaster rangi inapakwa chini, kabla ya jembe. Kwetu rangi inapakwa ukutani, nyumba ikiwa imeshaezekwa.

Sasa nimseme kaka yangu, naye ameniruhusu ilimradi nisitaje jina.

Kaka ana duka la pembejeo na vinywaji upande wa Dutwa, kando ya lami ya Bariadi–Lamadi, ile ya kilomita 71.8 iliyozinduliwa Januari 2017. Ng'ambo ya barabara ana kisima, alichokichimba kwa fedha ya pamba ya msimu mmoja mzuri. Maji yako ng'ambo, duka liko huku, katikati ni lami ya serikali. Kukata lami hakuthubutu. Akalitazama kalavati, akaona tundu limekaa wazi mwaka mzima, akapitisha bomba humo. Akanipigia simu ya video anionyeshe maji yanavyomiminika kwenye tangi. "Mdogo wangu, nyie huko mnaomba vibali, sisi huku tunatumia akili." Nikacheka, nikamsifu. Kosa hilo naligawana naye, maana mimi nilikuwa nimeshasoma ile karatasi ya kwenye bahasha.

Mvua zikaja. Mabua, mifuko, matawi ya michongoma, vyote vikashuka na maji vikanasa kwenye bomba. Kufikia usiku wa pili kalavati likawa limezibwa kama chupa. Maji yakapanda, yakatafuta njia juu ya bega la barabara, yakala ukingo wa lami kiasi cha hatua sita. Anayeujua udongo wetu wa mbuga anaelewa kilichofuata. Ni ule mweusi, kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama, masika unavimba kama unga wa ugali uliozidi maji. Lami inakaa juu yake kwa heshima ya tabaka za kokoto na mitaro inayofanya kazi. Maji yakishaingia chini, lami inabaki kama chapati juu ya uji. Lori la kwanza lililobana pembeni kupisha basi lilizama tairi la nyuma.

Kaka alijiandaa kwa polisi. Wasimamizi wa barabara walipofika walimwambia atoe bomba siku hiyohiyo, ajaze ukingo kwa changarawe ya fedha yake, na siku nyingine aandike barua kabla. Akaniuliza usiku ule, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Barua kwa nani?"

Hili ndilo swali, na mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi, hakujua jibu lake. Jibu ni hili. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barua inakwenda kwa meneja wake wa mkoa, na kwa sisi wa Simiyu ofisi iko Bariadi mjini. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaani ziko chini ya TARURA tangu Julai 2017. Kupitisha bomba, kuweka bango, kufungua njia ya kuingia kituo cha mafuta, kuchimba mtaro wa waya, vyote ndani ya hifadhi vinahitaji kibali. Chora ramani yako hata kwa mkono: kijiji, kalavati lililo karibu, bomba la unene gani, litapita kina gani, nani atarudishia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze kama hati ya kiwanja. Sheria ya siku 60 hatuna, lakini muhuri wenye tarehe unamfanya mtu wa mezani akukumbuke.

Naandika haya sasa kwa sababu mabomba yanakuja mengi. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu ukikamilika, watu wa upande wa pili wa lami watataka kuunganishwa, na kila mmoja akichana barabara mahali pake itakuwa shuka la viraka. Kijiji kinaweza kuomba kivuko kimoja: bomba kubwa la kinga linalazwa chini mara moja, ya wote yanapita humo. Serikali za vijiji zilizungumze jambo hili kwenye mkutano mkuu kabla mafundi hawajafika.

Na wewe unayetaka kununua kiwanja kando ya lami, usimwulize dalali. Chukua futi kamba, simama katikati ya barabara ukiwa na mtu wa kukuangalizia magari, vuta mita 30, chomeka kijiti. Ndani ya kijiti si pako, hata muuzaji akiwa na barua tano za mtendaji.

Kaka amefanya hivyo mwezi uliopita, akiwa na mwanawe wa darasa la sita anayemshikia mwisho wa kamba. Duka alilijenga mwaka 2011. Ukuta wa mbele uko mita 26 na nusu.