Utulivu wa Akili Wakati wa Presha: Tulichojifunza Kwenye Mkwaju Mmoja

Muhula uliopita tulicheza fainali ya mashindano ya madarasa hapa seminarini. Sisi wa mwaka wa tatu wa Falsafa tulitoka sare na wadogo zetu wa mwaka wa pili, tukaenda kwenye mikwaju ya penalti. Mkwaju wa tano tukakosa, kombe likaenda. Tunasema "tukakosa" kwa sababu timu ni moja, lakini mguu uliopiga ulikuwa mmoja. Mwenye mguu huo alibaki amesimama uwanjani peke yake, huku sisi tukirudi mabwenini bila kumngoja.

Jioni ile mezani tulimtania. Utani wa mafrateri mnaujua: hauna nia mbaya, lakini hauna kikomo pia. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani ya mdomo. Mwenzetu huyo ndiye aliyekuwa akitufafanulia Metafizikia usiku kabla ya taa kuzimwa. Aliketi mbele ya mwalimu, akaulizwa swali la kwanza, ambalo sisi wenyewe tulilijua kutoka kinywani mwake, akakaa kimya mpaka muda wake ukaisha.

Usiku alituambia kwamba anafikiria kumwona mlezi na kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. "Kama nimeshindwa kusema mbele ya mwalimu mmoja," alisema, "nitasimamaje altareni mbele ya waamini?"

Hakuna aliyecheka tena. Swali hilo halikuwa lake peke yake. Kila mmoja wetu amewahi kujiuliza, ila yeye alithubutu kulitamka.

Tulianza kutafuta jibu. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mazoezini mwenzetu huyu alifunga karibu kila alipopiga. Mguu ulikuwa uleule, mpira uleule, na kipa yule aliyemzoea. Kilichobadilika ni kichwa.

Wanaochunguza saikolojia ya michezo wanaeleza mambo mawili yanayompata mtu chini ya presha. La kwanza, hofu huchukua nafasi akilini. Akili ina uwezo wenye mpaka wa kushika mambo kwa wakati mmoja, na hofu ikishajaa, jambo lililo mbele yetu linakosa pa kukaa. Ndivyo mtu anavyosahau kwenye mtihani kitu alichokijua asubuhi. La pili ni kinyume chake: mtu anaanza kusimamia kwa mawazo kitendo ambacho mwili umekizoea. Ni kama kushuka ngazi ukianza kufikiria kila hatua: hapo ndipo unapojikwaa. Mpigaji anauwazia mguu wake, kifundo chake, hatua zake, na mguu uliojua kazi unapotea. Mwenzetu alipatwa na la pili uwanjani na la kwanza mtihanini.

Wapenzi wa soka wanamkumbuka Roberto Baggio wa Italia. Mwaka 1994, katika fainali ya Kombe la Dunia kule Pasadena, Marekani, Italia na Brazil walimaliza dakika 120 bila bao. Baggio alipiga mkwaju wa mwisho wa Italia, mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, Brazil wakawa mabingwa kwa penalti 3 kwa 2. Watu wengi wanadhani ni yeye tu aliyekosa. Lakini kabla yake walikuwa wamekosa Franco Baresi na Daniele Massaro, Waitalia wenzake. Mikwaju mitatu ilipotea, lawama ikabebwa na mtu mmoja. Ndivyo tunavyofanya: tunatafuta mguu mmoja wa kuubebesha mzigo wa wote.

Miaka minne baadaye, katika Kombe la Dunia la Ufaransa, Italia walikuwa nyuma dhidi ya Chile, wakapata penalti zikiwa zimebaki dakika chache. Baggio ndiye aliyeuweka mpira chini. Akafunga, wakatoka sare ya 2 kwa 2. Hatujui alikuwa anawaza nini. Tunachokiona ni kwamba alikubali kurudi mahali palepale palipomwumiza.

Hapo tukamkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa, anapoeleza fadhila ya nguvu, anauliza lipi ni tendo lake kuu: kushambulia, au kustahimili? Anajibu kwamba ni kustahimili. Anayeshambulia anaitazama hatari kama kitu kijacho, lakini anayestahimili anayo tayari mbele yake. Tena kushambulia kunaweza kufanyika kwa ghafla, wakati kustahimili kunadai muda mrefu. Tulikuwa tumelisoma fundisho hilo kwa ajili ya alama. Sasa tuliliona limeketi kitandani katika bweni letu, limeinamisha kichwa.

Tukamkumbuka pia Petro ziwani. Alipomtazama Bwana alitembea juu ya maji; alipoutazama upepo akaanza kuzama. Upepo haukuanza wakati ule, ulikuwepo tangu mwanzo. Macho yake ndiyo yaliyohama. Na hata hapo alibakiwa na kitu kimoja cha kufanya: kuita. Sala yake ilikuwa fupi kabisa, na ilitosha.

Somo jingine tulilipata katika utume wetu wa mwisho wa juma, kwenye zahanati tunayoitembelea. Siku moja wagonjwa walijaa barazani, watoto wanalia, kaka mmoja anagonga dirisha akidai mama yake ahudumiwe kwanza. Muuguzi aliyekuwa akiandaa sindano hakumfokea wala hakuharakisha. Alishika kichupa, akasoma jina la dawa kwa sauti, akasoma kipimo, akatazama karatasi ya mgonjwa, akasoma tena. Ndipo akachoma. Baadaye tulimuuliza anawezaje. Akacheka, akasema, "Wanangu, kelele siwezi kuzizima. Ninachoweza ni kusoma hiki kichupa."

Hatukuhitaji mhadhara zaidi ya huo. Yeye hakupambana na kelele. Aliipa akili kazi moja ndogo ya kushika. Mpigaji wa penalti achague pembe kabla ya kuuweka mpira, kisha autazame mpira tu. Anayefanya mtihani wa mdomo avute pumzi taratibu, aombe swali lirudiwe, alitamke mwenyewe kwa maneno yake kabla ya kujibu. Fundi, dereva, mhasibu wa parokia anayefunga hesabu usiku, kila mmoja ana kichupa chake cha kusoma.

Tena kuna mazoezi. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya penalti kwa ukimya na kujisomea kwa ukimya, kisha tunashangaa kelele zinapotushinda. Sasa tukawa tunamkalisha mwenzetu kwenye kiti, sisi watatu tunakuwa walimu, tunamkatiza, tunakunja uso, tunatazama saa. Siku za kwanza alinyamaza. Hatukumcheka. Tulingoja. Kungoja huko kulitufunza sisi kuliko yeye, kwa sababu tulitambua kwamba sehemu kubwa ya presha yake tulikuwa tumeitengeneza kwa vinywa vyetu.

Hakwenda kuomba ruhusa. Alirudia mtihani. Anasema swali la kwanza lilipokuja giza lilianza tena, akaita kimoyomoyo kama Petro, kisha akamwomba mwalimu arudie swali. Akajibu polepole. Hakupata alama za juu, lakini alitoka akiwa amesema alichokijua. Jumapili iliyofuata alisoma somo la kwanza kanisani, karatasi ikitetemeka mkononi, sauti haikutetemeka.

Ndugu wasomaji, huko parokiani yupo kijana atakayesimama kusoma na kukosea jina la mji wa kale. Nyumbani yupo mtoto anayesubiri matokeo ya Kidato cha Nne. Kazini yupo mgeni anayeshika mashine kwa mara ya kwanza huku bosi akimtazama. Tumwambie atulize akili, ni sawa. Lakini kwanza tujiulize kama sisi si upepo anaoutazama.

Mechi ya marudiano na mwaka wa pili ni mwezi ujao. Ikifika penalti, tumekubaliana kwamba mkwaju wa tano ni wake. Na akikosa, tutamngoja, turudi naye bwenini.