Mkono wa Mama

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikitafuta jibu la swali dogo: jicho hujifunzaje? Watu wakisikia kwamba nimekuwa mwalimu wa chuo kikuu, na kwamba nimeunda programu za kompyuta za kuiga namna binadamu anavyoona na kujifunza, hudhani swali hilo nililiokota Ulaya. Sivyo. Nililipata Ulyankulu, katika nchi ya mtemi Mirambo, nikiwa nimeketi sakafuni katikati ya majani ya tumbaku.

Nilikuwa na miaka kumi. Tumbaku ya mvuke ilikuwa imetoka bani, nasi tulikuwa tukiipanga kwa madaraja: yenye rangi ya limau huku, ya chungwa kule, yenye madoa pembeni. Nikiweka jani pasipo pake, mama alilihamisha kimya. Nikipatia, hakufanya lolote. Nilipomwomba kanuni alijibu, "Angalia, mwanangu." Jani lililokuwa la chungwa asubuhi, jioni kivulini lilionekana kahawia, yeye hakubabaika. Baada ya majuma matatu mkono wangu ulijua, wala sikuweza kueleza umejuaje.

Majirani zetu walikuwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mama hakujua Kirundi, lakini vijana wao aliwafundisha kwa njia hiyo hiyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya perseptroni, ambayo Frank Rosenblatt aliieleza mwaka 1958. Hujifunza kutofautisha vitu kwa mifano: ikikosea, uzito wa miunganisho yake hurekebishwa, ikipatia, huachwa ilivyo. Nilicheka peke yangu maktabani. Huyu si mama? Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams wakaonyesha jinsi kosa linavyoweza kurudishwa nyuma, tabaka kwa tabaka, katika mtandao mkubwa zaidi. Kazi yangu yote ikafuata njia hiyo.

Basi nikaamua kuirudisha elimu nyumbani. Nilipiga picha za majani, nikaifundisha programu kwa madaraja yaliyoandikwa sokoni. Ikafuzu, nami nikajivuna. Likizo moja nikampelekea mama, ambaye sasa alikuwa mzee. Akachukua jani moja, akalipapasa, akalinusa.

"Hili imeliweka wapi?"

"Daraja la chini, mama."

"Hili ni la juu. Huyo mwanafunzi wako kafundishwa na nani?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka siku baba aliporudi kutoka sokoni, robota letu limeshushwa daraja bila maelezo. Mwaka ule dada yangu hakurudi shuleni. Programu yangu haikuwa imejifunza tumbaku. Ilikuwa imejifunza mkono wa mnunuzi pamoja na dhuluma yake, na ingeirudia bila kuchoka wala kuona haya.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilidhani wahenga waliwaonya watoto tu. Siku hizi, kabla ya kupima mashine inajua nini, huuliza kwanza ni nani aliyekuwa akiyahamisha majani.

Mama hayupo tena. Nami, mtaalamu wa kujifunza, sikupiga picha hata moja ya mafungu aliyoyapanga yeye.