Ubani wa Babu Nta

Siku za sensa ya 2022 mjukuu wangu, aliyekuwa karani, alirudi jioni na kishikwambi chake mkononi akiwa kama mtu aliyewafumania wakubwa. "Babu, wamesahau kipengele cha dini." Nikamwambia hawakusahau. Mara ya mwisho kiliulizwa 1967; tangu hapo kimerukwa makusudi. "Sasa serikali itajuaje nani ni nani?" Swali hilo lilinikera. Kijana amefika chuo kikuu, na bado haoni kwamba kutojua huko ndiko kulikokusudiwa.

Mimi jambo hili la kutouliza dini nililiona dukani, mtaa wa Gongoni, Tabora. Mwenye duka alikuwa Mwarabu wa Kimanga mwenye kanzu ya rangi ya chai, nasi watoto tulimwita Babu Nta. Warina asali walimletea nta kutoka porini, ingali na nyuki waliokufa na vijiti vya miombo. Aliiyeyusha uani, akaichuja kwa gunia, akaimimina kwenye karai igande. Ukiwa mtaa wa pili ulijua leo ameyeyusha. Harufu ilikuwa nzito, tamu, yenye moshi, na ilitufuata ndani ya mashati hadi darasani. Nta nyingine ilipakiwa kwenye treni, nyingine ilikwenda misheni kutengenezwa mishumaa ya altare. Nyuma ya mizani palikuwa na kopo la biskuti lenye ubani. Alhamisi jioni akina mama walikuja kununua wa kufukizia nyumba, na maalimu wa madrasa akachukua wake. Jumamosi alikuja katekista, akapimiwa wa misa kutoka kopo lile lile, kwa bei ile ile. Mganga naye alikuwa mteja, ila yeye alikuja usiku.

Siku moja mtu alimtania mzee kwamba anawauzia makafiri. Babu Nta akampa chenji yake, akamwambia asogee, wenzake wanasubiri.

Shule yangu ilikuwa ya misheni. Watoto wa Kiislamu walioingia pale, wengi waliingia kwa jina la pili. Jirani yangu wa dawati alikuwa Ramadhani kwao na Raymond darasani. Hata viboko alichapwa kwa jina lisilo lake. Kisha shule zikataifishwa. Nimeangalia: Sheria ya Elimu ni ya 1969, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Basi, iwe hivyo. Ninachokumbuka ni asubuhi mwalimu mkuu mpya alipoita majina, na Ramadhani akaitika kwa kelele mpaka darasa zima likacheka. Sanamu ya Bikira Maria ilihamishiwa parokiani kwa mkokoteni wa maji, sisi tukiishikilia pande zote isianguke, Ramadhani akiwa upande wa miguu. Tukaanza kuwa na kipindi cha dini. Kengele ikilia, Wakatoliki wanabaki darasani, Wamoraviani wanakwenda bwaloni, Waislamu chini ya mwembe kwa maalimu. Ikilia tena, sote tunarudi kwenye hesabu.

Sisemi kila kitu kilikuwa sawa. Misheni ilikuwa imesomesha watu wake miaka mingi kabla, na jambo hilo lilionekana wazi maofisini. Waislamu waliolalamika hawakuwa wakiota. Tatizo ni kwamba serikali isiyouliza dini ya mtu haiwezi pia kuonyesha kwamba imegawa sawasawa, na mjukuu wangu angekuwa amesema hivyo, ningemnyamazia.

Miaka ya themanini tuliimaliza kwenye foleni za sukari. Ya tisini ikaja na redio za madhehebu, mihadhara ya kushindanisha vitabu viwanjani, na makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu shule na hospitali, ambayo Waislamu wanayahoji hadi leo. Baadhi ya shule zikarudi kwa makanisa. Mwaka 2005 Waislamu wakapata chuo kikuu Morogoro, katika majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme.

Sasa kila mtu anataka dini yake isikike hadi dirishani kwa karani. Juzijuzi nilifuatilia hati ya kiwanja kwenye ofisi moja ya umma. Mhudumu alinyoosha kidole nisubiri kwanza, mhubiri kwenye simu yake alikuwa anafika penye utamu. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nenda basi kwenye uzinduzi wowote. Kwetu kilizinduliwa kisima. Sheikh akaomba, padri akaomba, kisha mchungaji, ambaye hajui kufupisha. Mgeni rasmi akasimama, akatukumbusha kwamba serikali haina dini, akawasihi viongozi wa dini waendelee kuiombea. Kadi ilisema saa nne. Maji tulichota saa saba.