Goti la Mrefu

Mjukuu wangu, usidhani nimelisahau swali lako. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 11 Juni 2019, umelala chumba cha mbele hapa Rubongi, nami nikashtuka saa kumi kwa ukelele wako. Nilidhani nyoka. Nikakukuta umejifunika blanketi hadi kichwani, simu inakumulika uso, unatazama mpira wa kikapu wa kule Toronto. Yule Kevin Durant wa Warriors, ambaye hakuwa amecheza zaidi ya mwezi kwa maumivu ya shavu la mguu, alikuwa amerudishwa uwanjani kuiokoa timu yake katika fainali. Alicheza kama dakika 12, akafunga pointi 11, kisha akaketi chini ameshika mguu. Kano ya kisigino imekatika. Baadhi ya watazamaji walishangilia, na wachezaji wa Toronto, mahasimu wake, ndio waliowaashiria wanyamaze. Timu yake ilishinda siku ile kwa pointi moja, 106 kwa 105, na mchezo uliofuata ikapoteza ubingwa. Ukaniuliza, "Babu, ungekuwa wewe ungemwambia apumzike au acheze?" Nikakujibu kwamba ng'ombe wanangoja kukamuliwa, nikatoka. Ng'ombe hawakamuliwi saa kumi, nawe ulilijua hilo, lakini una adabu, hukunifuata.

Basi keti nikwambie. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka 13, tunakaa nyumba za reli mjini Tororo, chumba kimoja na jiko. Baba alikuwa mtu wa reli. Tororo ni njia panda: reli inaingia kutoka Malaba, mkono mmoja unashika njia ya Jinja na Kampala, mwingine unapanda Mbale na Soroti. Ndiyo maana nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili, kwa kuwa jirani wa kushoto alikuwa Mluhya, wa kulia Mkamba, wa nyuma Mteso, na ugomvi wa maji ya bomba ulihitaji lugha moja. Mama tu ndiye aliyetukaripia kwa Kipadhola. Harufu ya utoto wangu ni vumbi la saruji kutoka kiwandani, linalokaa juu ya majani ya migomba kama unga, halafu mvua ikinyesha mara moja linageuka gamba. Na mvua ya Tororo unaijua. Waliohesabu kati ya mwaka 1967 na 1976 walipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Sasa wewe jaribu kusikiliza redio ya betri chini ya mbingu ya namna hiyo! Ulisikia neno moja, radi ikameza mawili.

Hivyo ndivyo tulivyoipata Olimpiki ya Meksiko, vipandevipande. Jumapili ya tarehe 20 Oktoba, ng'ambo ya mpaka Wakenya walikuwa na sikukuu yao ya Kenyatta, na mbio zenyewe, kwa saa zetu, zilikuwa za usiku wa manane. Asubuhi yake mtaa mzima wa reli ulikuwa unasema jina moja: Kipchoge. Si huyu Eliud wenu. Namsema Kipchoge Keino, yule polisi. Alikuwa anaumwa na kifuko cha nyongo, madaktari wamemkataza kukimbia. Wiki moja nyuma, katika mita 10,000, maumivu yalimwangusha zikiwa zimebaki raundi mbili. Siku nne baadaye akakimbia 5,000, akatwaa fedha. Kisha ile 1,500: Ben Jipcho akaivuta mbio mwanzoni, Kipchoge akaipokea, na yule Jim Ryun wa Marekani, aliyedhaniwa hashindiki, akaachwa karibu mita 20. Dakika 3, sekunde 34.9. Kuli mmoja wa stesheni, mtu wa Eldoret, alitusimulia kwamba basi lilikwama katika msongamano wa magari, Kipchoge akashuka akakimbia hadi uwanjani, ndipo akakimbia tena. Alisimulia huku amebeba gunia la chumvi begani, na hakulitua mpaka alipomaliza.

Siku hiyohiyo, katika marathoni, kulikuwa na wengine wawili. John Stephen Akhwari wa Tanzania, mtu wa Mbulu, alianguka njiani akaumia goti na bega, wakamfunga bendeji, akaendelea kuchechemea hadi akaingia uwanjani giza limeshaingia, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Huyo unamjua, wanamweka hadi kwenye matangazo. Lakini wa tatu ni Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu na Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Huyo mguu ulimuuma, akafika kama kilomita ya 17, akatoka njiani. Basi. Baba alimpenda Bikila kuliko Wakenya wote, akalisoma jambo hilo kwenye Baraza, gazeti lililokuja na treni, akalikunja gazeti mara nne na kuliweka chini ya godoro. Nami nililitoa nikasoma. Likumbuke hilo.

Twende mwaka 1970. Shuleni kwetu, sitaitaja shule, alikuja mwalimu wa hesabu, Mmarekani wa Peace Corps, mwekundu usoni, mwenye viatu vikubwa kama mitumbwi. Ndiye aliyetuletea mpira wa kikapu. Uwanja tuliumimina wenyewe, maana katika mji ule saruji haikuwa taabu kupatikana, ila tulikoroga mchanga mwingi mno, na baada ya masika ya kwanza sakafu ikaanza kubanduka upande wa magharibi, karibu kabisa na nguzo. Kila mtu alilijua lile shimo. Tuliliziba kwa udongo kabla ya mchezo kama mtu anavyoziba pengo la jino kwa ulimi.

Na tulikuwa na Mrefu. Alikuwa na jina lake la ubatizo na la ukoo, lakini mtaani hapakuwa na aliyelitumia. Alikuwa kidato cha nne, mtoto wa mjane aliyeuza mandazi karibu na stesheni, senti kumi moja, chai senti ishirini. Alikuwa na uso mwembamba, mtulivu, macho ya mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Akiruka kuchukua ribaundi ungesema amesahau kushuka. Na kulikuwa na kazi ya ufundi aliyokwisha kuahidiwa akimaliza mitihani. Mama yake alikuwa amekwisha kununua kufuli la sanduku la nguo.

Mwezi wa nane tulifika nusu fainali ya shule za upande wetu. Siku tisa kabla, mazoezini, Mrefu alitua vibaya pale pale penye shimo. Goti likafura kama kibuyu. Tukamfunga juu ya keria ya baiskeli, tukamsukuma kutoka mjini hadi huku Rubongi kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mkandaji wa mifupa anayejulikana hadi Busia. Bibi alikuwa ameketi na wenzake kuzunguka chungu cha malwa, mirija mdomoni. Hakuinuka upesi. Alipomaliza alikuja, akanusa mikono yake, akaishika ile mifupa kwa vidole vya mbele tu, macho amefumba. Akapasha moto majani ya mbarika, akampaka samli. Harufu ya samli ya joto na majani yale ninayo mpaka leo puani. Akasema goti hili linataka mwezi mzima wa kulala, na likikataliwa mwezi wake litadai miaka. Tukamweleza habari ya nusu fainali. Akauliza, "Huo mpira unaliwa?"

Yule Mmarekani naye alisema vilevile, kwa maneno mengine. Nyumbani kwake ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa jarida lililomfikia kwa posta, picha ya Willis Reed wa New York Knicks, yule aliyeingia kwenye mchezo wa saba wa fainali tarehe 8 Mei mwaka uleule, msuli wa paja umechanika, amedungwa sindano ya ganzi, akafunga vikapu viwili vya kwanza na uwanja mzima ukapagawa. Tukamwonyesha kwa kidole: si huyu hapa? Mwalimu akaitazama ile picha kwa muda. Akatuambia Reed alifunga pointi nne tu mchezo mzima, kazi waliifanya wengine, Walt Frazier pekee alifunga 36. Na Reed alikuwa mtu mzima, analipwa, ana madaktari. "Huyu wenu ana nani?" akauliza. Tukaona ni mzungu mwoga. Ningali naona haya nikikumbuka tulivyomcheka njiani.

Ijumaa jioni nilikwenda kwa Mrefu. Sikutumwa na mtu, usije ukadhani kulikuwa na njama. Nilimkuta kitandani, mguu juu ya gunia la unga, chumba kinanuka Sloan's, ile dawa ya kuchua yenye picha ya mzee wa masharubu. Mama yake alikuwa nje anakanda unga wa kesho. Mrefu akaniambia amekwisha kuamua, hachezi, nimwambie nahodha. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuomba umpitishie kikombe. Nami, badala ya kusema vema, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikaanza kumsimulia Kipchoge. Nilisimulia vizuri, nimepewa ulimi. Nilimwambia habari za nyongo, za madaktari, za basi lililokwama, za Ryun aliyeachwa nyuma. Nikamtia na Akhwari na bendeji yake. Akaniuliza, "Hakuna aliyeacha?" Nikamwambia hakuna.

Jumamosi jua lilikuwa kali na wingu jeusi limekaa nyuma ya Mwamba wa Tororo. Watu walikuja na viti vyao. Mrefu alitokea amefunga goti kwa kitambaa cha kanga ya mama yake, na kelele zilizopigwa ziliwarusha kunguru wote wa mwarobaini. Mmarekani akamshika mkono, wakasemezana, mwalimu akageuka na kwenda kusimama mbali, mikono mifukoni. Robo ya kwanza Mrefu hakufanya lolote, alichechemea tu. Ya pili akafunga mara tatu, bila kuruka, kwa kunyoosha mikono tu. Ya nne, tukiwa nyuma, aliruka. Nilikuwa nimekaa chini, hatua tano kutoka pale. Hakulia. Kulikuwa na mlio mdogo, kama kijiti kibichi kinapovunjwa, halafu akabaki anautazama mguu wake kwa mshangao, kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Tulishinda kwa pointi tatu. Wiki mbili baadaye, kule Mbale, bila yeye, tulifungwa hata watu wakaacha kuhesabu.

Ile kazi ya ufundi aliyoahidiwa ilikuwa na kipimo cha daktari, na daktari alimwambia achuchumae. Hakuweza. Sina la kumlaumu yule daktari.

Ukinibana leo, nitakwambia yule kijana alipaswa kulala mwezi wake wote, na hata Durant wako naona hivyohivyo. Lakini siku hizi hunisumbua zaidi waliomzunguka mchezaji: nani alimwambia nini, na nini kilifichwa. Kipchoge tunamsimulia kwa sababu alishinda. Angeanguka kwenye 1,500 kama alivyoanguka kwenye 10,000, yule kuli wa stesheni angelitua gunia lake kimya.

Januari 1971 Amin alishika nchi, sukari ikaanza kuadimika, na watu wengi wa Tororo wakawa wanaishi kwa kuvuka mpaka. Vijana wa Busia walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli kati ya forodha na forodha, wakiita "boda! boda!", kazi ambayo goti la Mrefu halikuiweza. Akawa anawatengenezea hizo baiskeli. Alikaa chini ya mwembe upande wa Uganda, juu ya kigoda, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama mtaimbo, pembeni beseni la maji ya kutafutia pancha na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Kila nilipopita alinitengenezea baiskeli bure. Tulizungumza bei za vyuma, mvua, mama yake. Lile goti hatukulitaja kamwe.

Mwishoni mwa Oktoba 1973 nilimpelekea gurudumu la nyuma lililopinda. Siku chache nyuma, tarehe 25, Bikila alikuwa amefariki, naye miaka yake ya mwisho aliishi kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari ya mwaka 1969. Redio zote zilikuwa zinamsimulia. Mrefu alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba, akakaza spoku moja, akalizungusha tena.

"Kumbe yule Mhabeshi," akasema bila kuinua macho, "kule Meksiko mguu ulimuuma, akatoka. Siku ileile ya Kipchoge."

"Ndiyo," nikasema.

"Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilikuwa najua.

Alikaza spoku zilizobaki moja baada ya nyingine, akalifunga gurudumu, akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akanipa baiskeli. Kisha akaniambia ni shilingi moja na nusu. Nikatoa, nikalipa.