Constantia: Mvinyo Mtamu, Maneno Machungu

Kuna safari za fungate na kuna safari za kupatana. Yetu ya Cape Town ilikuwa hiyo ya pili. Baba Jeni alikuwa amepata kazi Mwanza, mimi sikutaka kuiacha yangu Dar, na kwa wiki mbili tulisalimiana kama wapangaji. Tiketi zilishalipiwa, basi tukaenda hivyo hivyo.

Siku ya tatu tukachukua teksi hadi Constantia, bonde la kijani nyuma ya Table Mountain, kama nusu saa kutoka katikati ya jiji. Shamba hili lilianza mwaka 1685, chini ya Simon van der Stel, aliyeitawala Cape kwa niaba ya Waholanzi. Mvinyo wake mtamu ulifika hadi meza za wafalme wa Ulaya. Napoleon alipelekewa akiwa uhamishoni St Helena. Jane Austen naye, katika riwaya yake Sense and Sensibility ya mwaka 1811, anautaja kama dawa ya moyo uliovunjika. Nikamtupia jicho mume wangu. Akatazama dirishani.

Tulianzia Groot Constantia, kwenye nyumba ya zamani ambayo sasa ni makumbusho. Hapo utamu unakukaba kidogo. Waliolima na kuvuna walikuwa watumwa, wengine wametolewa Msumbiji na Madagaska, na hawakuwa huru kabisa hadi mwaka 1838. Tulitoka kimya, lakini safari hii si kimya cha kununiana.

Jirani yake ni Klein Constantia. Mwishoni mwa karne ya 19 magonjwa ya mizabibu yaliangusha mashamba na mvinyo ule ukapotea. Hapa ndipo walipoufufua kwa mavuno ya mwaka 1986, wakauita Vin de Constance. Siri yake si kijiko cha sukari. Zabibu huachwa mtini hadi zinaanza kunyauka. Maji yanapungua, utamu unabaki. Ndiyo maana chupa ya nusu lita bei yake si mchezo! Ukionja unapata asali, ganda la chungwa, na uchachu kidogo unaozuia usikinai.

“Baba Jeni,” nikamwambia, “katika huo utamu wa Mwanza, anayenyauka ni nani?”

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Dar. Kisha akaweka glasi chini. “Kweli, sikukuuliza. Nilikuja na jibu tayari.”

Hatukumaliza yote siku ile. Lakini usiku tulizungumza hadi saa nane, kila mmoja akitaja anachoweza kuacha na asichoweza. Jibu tulilipata baadaye, na si la mmoja peke yake.

Ukienda, lenga Februari au Machi, wakati wa mavuno, na msiendeshe gari wenyewe. Nauli haijakaa sawa? Anzeni na mvinyo mtamu wa Dodoma, uliopozwa, glasi ndogo baada ya chakula. Simu zizimwe.